Kuitika Kwenye Maji Marefu

Darasani, mwalimu akisoma majina, mimi huinua kidole. Wenzangu wanaitika "prezan" mpaka darasa la jirani linanyamaza. Mimi kidole tu. Walimu walionizoea hawanisumbui tena. Asiyenizoea ananiandika kwamba sipo, halafu jirani yangu wa benchi ananiitikia, na somo linaendelea. Nimefika mwaka wa tano wa sekondari kwa kidole hicho. Sikuwahi kufikiri kingekuja kuniponza, tena ziwani, mahali pekee ambapo sikuwa na haya mbele ya mtu.

Maana kuogelea najua, na hilo naliandika bila kujishusha. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa upande wa chini wa mji, karibu na maji kiasi kwamba tukilala tulisikia mawimbi yakipekuapekua changarawe. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alinifundisha kuogelea kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kisha ziwa likapanda. Lilianza na jiko la nje, likafuata choo, likaingia sebuleni kama mgeni asiyepiga hodi, na lilipofika kwenye vitanda tukabeba tulichoweza tukapanda juu, upande wa mlima, kwenye nyumba ya kupanga ambako tuko mpaka leo. Kuta za nyumba yetu bado zimesimama chini ya maji. Ukiogelea pale ukashusha miguu, unakanyaga juu ya ukuta wa chumba cha mama.

Tangu hapo mama haliangalii ziwa. Kazi yake iko palepale ufukweni, anaanika na kuchagua ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, pamoja na wanawake wengine, kwa hiyo hawezi kulihama. Lakini kigoda chake anakiweka akiwa amelipa ziwa mgongo. Mtu akimwambia, "Mama, geuka uone mawimbi ya leo," anajibu, "Nilishayaona. Yalikuja mpaka kwangu."

Kikundi cha kuogelea kilianzishwa na mama mmoja muuguzi. Siku za wiki anachoma watu sindano kwenye kituo cha afya. Jumamosi asubuhi anavaa kofia ya mpira ya rangi ya chungwa na kuwa kocha wetu. Alitueleza kwa nini alianza. Waliokuwa wakiletwa kwake wamekunywa maji, wengine wamechelewa kuletwa, hawakuwa watu wasiojua kuogelea. Asiyejua anaogopa, anabaki pembeni na kunawa miguu. Walioletwa walikuwa wajuzi. Kwa hiyo kikundi chake ni cha wanaojua peke yao, na siku ya kwanza alisimama mbele yetu, mikono kiunoni, akasema, "Minye sifundishe kuogelea hapa. Asiyejua aende kule kwa wadogo. Hapa nafundisha kurudi."

Ili uingie kwenye kikundi ulipimwa. Uliogelea mpaka kwenye boti iliyotia nanga, ukaizunguka bila kuigusa, ukarudi, kisha ukalala chali juu ya maji huku kocha akipiga hadithi na mtu mwingine kama vile amekusahau. Wavulana wawili waliokuja kwa mbwembwe walishindwa hapo kwenye kulala. Mimi nililala mpaka nikakaribia kusinzia. Aliniambia niamke, nimeingia.

Kila mmoja alifungwa kiunoni kamba ndefu kidogo yenye bidoni ndogo tupu mwishoni, ile ya lita tano ya mafuta ya kupikia. Inakufuata nyuma kama mtoto wa bata, na ukichoka unaikumbatia. Kabla ya kuingia, kocha alikuwa akiwauliza wavuvi waliotoka kuvua, viboko wameonekana wapi alfajiri ile. Wakisema wako karibu, tulirudi nyumbani. Wakisema wako mbali, tuliingia mmoja mmoja, na mbele yetu ukatangulia mtumbwi wa shemeji yake, mvuvi wa ndagala ambaye alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, bila kulala. Kocha alikaa mbele, shemeji nyuma na kasia.

Halafu kulikuwa na sheria ya kuitika. Shemeji alikuwa na bidoni kubwa tupu miguuni. Kila baada ya muda aliigonga kwa mpini wa kasia, du du du. Ukisikia, unasimama majini popote ulipo, unageukia mtumbwi, na kwa zamu mliyoingilia majini kila mtu anasema kwa sauti: "Niko." Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Zikikamilika, mtumbwi unaendelea.

Kwa sauti. Kocha alilirudia neno hilo akinitazama mimi, ingawa hakuwa amenijua bado. Mkono haukuitika kitu. Mkono ulikuwa na kazi yake nyingine. Ukiinua mkono juu ya maji maana yake ni moja tu: njooni mnichukue.

Pengine mmeshajua kilichotokea. Bidoni iligongwa, wakaitika walionitangulia, zamu yangu ikafika, na mwili ukafanya ulichozoea darasani. Niliinua kidole.

Shemeji alipiga kasia kama anafukuzwa. Kabla sijaelewa, nilikwisha kushikwa makwapani na kuvutwa ndani ya mtumbwi pamoja na bidoni yangu, nikaangukia juu ya nyavu zinazonuka, wenzangu wote wakitazama. Kocha alinifungua macho kwa vidole, akaniuliza maumivu yako wapi. Nikasema, kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia, kwamba hakuna maumivu, nilikuwa naitika.

Jumamosi iliyofuata nilifanya hivyohivyo. Si kwa ukaidi. Nilikuwa nimekariri usiku kucha kwamba nitasema, na zamu ilipofika mkono ukaondoka wenyewe. Walinivuta tena, mara hii wakicheka.

Mjini kwetu Uvira habari zinapanda pikipiki. Motari mmoja aliyekuwa ufukweni akiosha pikipiki yake aliziteremsha mbele ya mama kabla sijakamua nguo. Jioni mama alisonga ugali bila kunitazama, na alipomaliza akaniambia: "Wamekutoa majini kama mzigo, mara mbili. Siku watakutoa mara ya tatu njo mwisho. Ziwa lilichukua nyumba, halitachukua na weye."

Nilinawa mikono, nikamega ugali. Lakini kichwani nilijibu kwamba sitaacha. Sina kitu kingine ninachokiweza mbele za watu. Darasani naandika vizuri lakini hakuna anayeona; kanisani naimba nimejificha nyuma ya mwenzangu mnene. Majini tu ndipo nilipokuwa mtu kamili, na nilikuwa tayari kufanya lolote ili nibaki humo, isipokuwa lile moja lililotakiwa.

Aliyeniokoa, kwa kadiri nilivyoona wakati ule, ni mwenzangu wa jozi. Kocha alitugawa wawili wawili, na mimi nikapewa mvulana wa Sange anayesoma huku Uvira kwa shangazi yake. Alijifunza kuogelea kwenye mifereji ya mpunga. Ana sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wetu. Alinieleza aliitoa wapi: mama yake anauzia mchele abiria barabarani, na gari likisimama Sange halikai. "Usipopaza sauti," alisema, "unarudi na mchele wako nyumbani mukiangaliana."

Aliniita samaki bubu. Mtu mwingine angesema hivyo ningelia. Yeye alisema huku akinifungia kamba ya bidoni vizuri, nikacheka. Na ni yeye aliyependekeza. Tuliingia majini tukifuatana, zamu yake kisha yangu, kwa hiyo yeye angeitika kwa ajili yetu sote. Ni kama darasani tu, nani hajawahi kumwitikia mwenzake? "Weye ogelea tu," aliniambia. "Minye niko na sauti ya watu wawili."

Tangu siku hiyo bidoni ikigongwa, zamu yetu ikifika, alinguruma: "Tuko wawili!" Kocha alimtazama kwanza kwa shaka, akaniona niko ubavuni pake nikitikisa kichwa kukubali, akaacha. Jumamosi kadhaa zikapita hivyo. Niliogelea kuliko nilivyowahi kuogelea. Kocha alianza kunitaja kwa wengine, watazame ninavyopumua, watazame nisivyopiga maji ovyo. Mama hakusikia habari yoyote ya mimi kutolewa majini, na kutosikia kukamtosha.

Kisha ikaja njia ndefu. Hiyo ni njia inayotoka ufukweni kwenda nje mpaka kwenye bidoni ya buluu ambayo shemeji ameitia nanga kwa jiwe, halafu inakata kusini sambamba na mji mpaka kwenye michikichi iliyokufa, ile iliyosimama ndani ya maji tangu ziwa lipande, ndipo inarudi nchi kavu. Tuliisubiri kama mtihani wa taifa.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani kuelekea ziwani, si mkali, ila wa kusukuma. Kwenda nje ulitubeba. Tulifika kwenye bidoni ya buluu tukiwa bado na nguvu, tukageuka kusini. Mwenzangu alitangulia kidogo. Yeye akiona mbele kuna kitu cha kufikia hawezi kujizuia. Nilikuwa nyuma yake, upande wa nje, upande wa Burundi, ambako jua lilikuwa limetoka juu ya milima yao na kulala juu ya maji.

Shavu la mguu wangu wa kushoto lilikaza ghafla, kama fundo la kamba iliyolowa. Sikuogopa. Nilivuta bidoni yangu, nikaikumbatia, nikaanza kukunja vidole vya mguu kama tulivyofundishwa. Nilipoinua kichwa nikaona nimesukumwa mbali. Kofia ya chungwa ya kocha ilikuwa ndogo.

Ndipo nikasikia du du du.

Wakaanza. Niko. Niko. Niko. Sauti zinasafiri vizuri juu ya maji, nilizisikia kama niko nao chumba kimoja. Zamu yetu ikafika, na nikasikia ile sauti ya mchele, safi, yenye uhakika: "Tuko wawili!"

Alifikiri niko nyuma yake. Nilikuwa nyuma yake siku zote.

Niliuona mtumbwi unageuza pua kwenda kwenye michikichi. Nimewahi kuandikwa sipo wakati nipo, mara nyingi, na sikujali. Hii ilikuwa kinyume chake: wameniandika nipo, nami sipo, na kila mtu anaondoka ametulia. Niliwaza kuinua mkono, nikakumbuka mama na mara ya tatu, nikaushusha. Nasema kama ilivyokuwa. Nilikaa pale nimekumbatia lita tano za hewa, mguu umekaza, nikipima kati ya kuachwa na kukatazwa. Upepo haukunisubiri nimalize kupima.

Niliinua mkono. Niliuinua wote, nikaupungapunga. Hakuna aliyegeuka, na hata waliogeuka, sasa najua, waliona nini? Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Kutoka kwenye mtumbwi, upande ule wote ulikuwa mng'aro mtupu.

Kwa hiyo nikaita. Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ile ya darasani, ilianguka hapohapo mbele ya mdomo. Ya pili ilifika labda kwenye wimbi la karibu. Kabla ya ya tatu nilivuta pumzi mpaka kamba ya kiunoni ikanibana, nikapiga kelele neno ambalo nilikuwa nadaiwa tangu siku ya kwanza:

"Niko! Niko huku!"

Shemeji aligeuza kichwa. Si macho, kichwa, sikio likitangulia. Kisha mtumbwi mzima ukageuka.

Ndani ya mtumbwi kocha alinikanda mguu kwa nguvu za watu wa sindano. Wengine waliletwa karibu, wakashika ukingo, wakapumzika. Mwenzangu alikuwa miongoni mwao, midomo imemkauka. Kocha hakupaza sauti. Aliuliza tu tangu lini ananiitikia bila kugeuka kuhakikisha niko. Nikajibu, tangu mwanzo. Mvulana akasema ni yeye, wazo lilikuwa lake, mimi nisihesabiwe.

"Darasani ukimwitikia mwenzako, mwalimu anaharibikiwa karatasi," kocha alimwambia. "Hapa minye naharibikiwa muntu. Ulinipa muntu ambaye haiko, nikamuweka kwenye moyo wangu, nikaenda."

Halafu akanigeukia mimi na kusema kwa upole zaidi, jambo ambalo liliniuma zaidi, kwamba mimi ni muogeleaji mzuri kuliko wote alionao na ni hatari kuliko wote alionao. Sote wawili hatungeingia majini mpaka atakaposema. Tungekuja kila Jumamosi kama kawaida, lakini tungekaa mtumbwini, na kazi ya kugonga bidoni ingekuwa yetu.

Nikiwa njiani kupanda nyumbani niliamua kwamba mara hii pikipiki haitanitangulia. Nilipitia kwenye meza za kuanikia, nikamkuta mama bado anafunga magunia ya ndagala, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nguo zinachuruzika. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wamekutoa," alisema.

"Hapana mama. Niliwaita, wakaja."

"Iko tofauti gani?"

Nilimwambia tofauti ilikuwepo ila sikujua kuieleza. Alifunga fundo la gunia, akalifungua, akalifunga upya. Mwishowe akasema mtumbwini sawa, majini hapana. Nilichukua hicho alichonipa.

Mtumbwini ndiko nilikoelewa. Ukiwa majini unafikiri wewe ni mkubwa, unapiga maji, unaonekana. Kutoka juu, watu ni vichwa. Kichwa na bidoni na kipande cha jani la mgomba vinafanana. Jua likichomoza huoni chochote upande wa Burundi. Wimbi likija kati, huoni upande wa mji pia. Macho ya kocha yalikuwa yanazunguka bila kupumzika, lakini kazi kubwa aliifanya kwa masikio. Nilikuwa nikigonga bidoni, du du du, na mabega yake yanapanda. Kila "Niko" ikija yanashuka kidogo, yanashuka kidogo, mpaka ya mwisho, ndipo anapumua.

Jumamosi moja niligonga, wakaitika, na zamu ya mvulana mmoja mrefu ilipofika kukawa kimya. Shemeji aliacha kupiga kasia. Niligonga tena. Kimya. Mwenzangu wa Sange, aliyekaa mbele yangu, alisimama mpaka mtumbwi ukayumba. Nilikuwa nimeshika ukingo kwa nguvu, na ndani yangu nilikuwa namwambia yule mvulana mambo ambayo siwezi kuyaandika: sema, mjinga wewe, ni neno moja tu, unatunyima neno moja. Kisha kichwa kikatokea nyuma ya wimbi na sauti ya uchovu ikasema, "Niko, niko, maji yaliniingia masikioni." Kocha alikaa kitako taratibu. Mimi nilitaka kumpiga kasia.

Shemeji, ambaye kwa wiki zote hizo hakuwahi kunisemesha, alisema nyuma yangu, "Hata sisi kwenye kuvua tunaitanaka hivi, mutumbwi na mutumbwi. Asiyeitika, taa zote zinamugeukia. Muntu akiitika, si majivuno. Anakupa ruhusa ya kuendelea."

Kwa hiyo nilianza kujifunza kupaza sauti, kama mtu anayejifunza hesabu. Nyumbani haikuwezekana, kuta zetu za kupanga zinasikia mpaka kikohozi. Nilitafuta mahali penye kelele kuliko mimi, nikapapata: mashine ya kusaga mihogo kwenye njia ya soko. Ikiwaka hakuna anayemsikia jirani yake. Kila mama aliponituma kusaga, nilisimama karibu na injini, nikageukia ukuta, nikasema "Niko" kwa nguvu zote. Mwanzoni hata mimi sikujisikia. Nikaendelea, siku baada ya siku, mpaka nikaanza kujisikia chini ya ule mngurumo, kisha juu yake. Siku moja mwenye mashine aliizima bila mimi kutegemea, na neno langu likabaki peke yake hewani mbele ya foleni nzima ya wanawake wenye mabeseni.

"We mutoto, unamuita nani?" aliuliza.

Nikasema hakuna.

"Basi mwambie huyo hakuna asogee, foleni iko ndefu."

Walicheka wote. Nilicheka pia, uso ukiwaka, na nikagundua sijafa.

Siku kocha alipotangaza kwamba mimi na mwenzangu tunaweza kurudi majini, tena kwa njia ndefu, nilimwendea mama na kumwomba. Alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo ziwani, mikono inachagua ndagala bila yeye kuiangalia. Nilimwambia kuhusu mtumbwi, na mabega ya kocha, na mvulana mwenye maji masikioni. Nilimwambia kwamba tofauti aliyoniuliza ni hii: anayetolewa kama mzigo hajasema kitu, mimi nitasema kila mara.

Alifikiri. Kisha akasema, "Minye sitageuka. Usifikiri nitageuka. Lakini nitakuwa hapahapa. Mukifika kule mbali, nikisikia sauti yako, ni sawa, uendelee na mambo yako. Nisipoisikia, ukitoka hayo maji uniletee hiyo bidoni niwekee mafuta ya kupikia."

Mwenzangu wa Sange nilipomsimulia alipiga mluzi. Upepo wa mlimani unavuma kutoka nchi kavu, alisema. Sauti ya kutoka ziwani lazima iupande upepo kama mtu wa Bijombo anavyopanda kwao kule juu milimani. Akajitolea, kwa mzaha, kunikopesha yake. Nikamwambia aitunze, ana mchele wa kuuza.

Upepo ulikuwepo, bila shaka. Viboko walikuwa mbali. Tulifunga bidoni, tukaingia. Mgongo wa mama niliuona kabla ya kuzamisha uso, kitenge cha kijani kati ya meza za kuanikia samaki, na sikuuona tena.

Kipande cha kwanza cha njia nilikipita bila kufikiri. Mikono yangu ilikuwa imeyakumbuka maji kuliko nilivyodhani. Bidoni iligongwa karibu na boti zilizotia nanga; niliitika, ikatosha kwa mtumbwi, kocha akakubali kwa kichwa. Lakini ile haikuwa ya mama. Ya mama ilikuwa kwenye bidoni ya buluu.

Tulipofika hapo mawimbi yalikuwa yameanza kusimama. Mwenzangu alikuwa ubavuni pangu, hakutangulia mara hii. Shemeji alinyanyua mpini. Du du du.

Nikasimama majini, nikageukia mtumbwi, kisha nikageuka zaidi, mpaka nikawa natazama mji: paa za bati, mlima umezisimamia nyuma, na ukanda mwembamba wa ufukwe ambao kitenge chochote pale kingeweza kuwa cha yeyote. Walioingia mbele yangu wakaitika. Mvulana wa Sange akasema, "Niko," peke yake, akafunga mdomo na kunitazama. Aliniachia kimya changu chote.

Mkono ulianza kuondoka wenyewe. Niliujua, ni rafiki yangu wa zamani; nikaurudisha majini. Nikafikiria mashine ya mihogo, nikavuta pumzi.

"NIKO!"

Ilitoka ikiwa na ukali, haikuwa sauti nzuri. Ndege wawili waliokuwa kwenye bidoni ya buluu waliruka. Kocha aliangalia chini akificha kucheka. Kama ilifika ufukweni au haikufika, hapakuwa na wa kuniambia, na njia ilikuwa bado. Tukakata kusini. Mguu ulitishia mara moja, nikaukunja nikasema nao, ukaniachia. Kwenye michikichi iliyokufa niliitika tena kwa nguvu ileile, kwa kuwa sikujua ipi ndiyo iliyopita juu ya upepo. Tulipogeuka kurudi tulipita juu ya mtaa wetu wa zamani. Sikushusha miguu.

Nilitoka majini nikitetemeka, bidoni mkononi, kamba nimeizungusha juu yake tayari kuikabidhi kama ikibidi. Nilisimama mbele ya mama. Alikuwa ameketi vilevile, amelipa ziwa mgongo, na mikono yake, jambo ambalo sijawahi kuliona, ilikuwa imetulia juu ya ndagala.

Jirani yake ndiye aliyeanza. Alisema mama amekataza watu wasizungumze tangu tulipoondoka, kila anayefungua mdomo anafungwa.

Mama hakumjali. Alinitazama kuanzia miguu mpaka nywele.

"Kumbe weye unaweza kupiga kelele hivi," alisema. "Na nyumbani nakuita mara tatu unaninyamazia kama ukuta."

Niliinama kuchukua kitambaa. Nilisema ndiyo mama, kwa sauti, na wanawake wa meza ya tatu wakageuka.

Bidoni nilirudi nayo nyumbani. Jumamosi iliyofuata, nikifungwa kamba, nilitazama kwenye meza za samaki. Kitenge cha kijani kilikuwepo. Hakuwa ametazama ziwa. Lakini kigoda alikuwa amekigeuza kidogo, ameketi ubavu, sikio la kulia likielekea kwetu.